Kila sentensi ni sahihi, ila muhtasari si wa kweli

Msomaji mmoja, katibu msaidizi wa chama cha hiari, ameniandikia hivi (nimefupisha kidogo):

"Kwenye rasimu ya muhtasari wa mkutano mkuu niliandika kuwa waliohudhuria ni 'karibu watu mia moja'. Katibu akafuta, akaandika 93, maana ndio waliosaini daftari la mahudhurio, na akaniambia nisiandike uongo. Nilikubali. Lakini kuna mahali hapo hapo panaponisumbua hadi leo. Pameandikwa: 'Wajumbe 93 walihudhuria. Azimio la kupandisha ada lilipitishwa kwa kauli moja.' Azimio lilipigiwa kura jioni, wengi wakiwa wameshaondoka. Ukumbini tulibaki 41, nilihesabu mwenyewe. Nilipomwambia katibu kuwa hiyo si kweli, alinijibu: nionyeshe sentensi yenye kosa. Nikakosa la kusema. Je, usahihi na ukweli ni vitu viwili? Na mimi na 'karibu mia moja' yangu, nilisema uongo?"

Ndugu yangu, nianze na swali lako la mwisho, maana ndilo jepesi. Hapana, hukusema uongo. Katibu wako alikuwa na haki ya kuandika 93, na kwenye muhtasari namba hiyo inafaa kuliko yako, ila hakuwa na haki ya kukuita mwongo. Swali la kwanza ndilo zito. Ndiyo, usahihi na ukweli ni vitu viwili, na hizo sentensi zenu mbili ni mfano bora kuliko mingi ninayowapa wanafunzi wangu wa mantiki. Nitakujibu kwa urefu kwa sababu hoja ya katibu wako, ile ya "nionyeshe sentensi yenye kosa", inasikika kila mahali, maofisini, mahakamani na hata kati ya mume na mke, na watu wengi wenye nia njema hunyamazishwa nayo wakati wanachokihisi ni cha haki kabisa.

Tuitazame kwanza kauli yako. Ukisema "karibu mia moja" hujasema mia moja. Umesema idadi iko jirani na mia, na kila anayekusikia anajua jirani hiyo ina upana gani: 93 imo, 98 imo, 60 haimo. Ulichokiahidi ndicho kilichokuwapo. Kauli ilikuwa ya kweli, na ilichopungukiwa ni usahihi. Hapo ndipo vitu hivi viwili vinapoanza kuachana. Aristotle alikwisha kulisema zaidi ya miaka 2,300 iliyopita: kusema kwamba kilichopo kipo na kisichopo hakipo, huko ndiko kusema kweli. Ni ndiyo au hapana. Usahihi una ngazi. Unaweza kupanda ngazi moja, kisha nyingine, na bado juu yako ikabaki nyingine.

Mwalimu akiwaambia wanafunzi kuwa mwanga husafiri kilomita 300,000 kwa sekunde, anafundisha kweli. Kasi yenyewe, kama ilivyowekwa rasmi tangu 1983, ni mita 299,792,458 kwa sekunde, na pengo kati ya namba hizo mbili halifiki hata moja kwa elfu. Lakini mchukue mtaalamu wa setilaiti za GPS, zinazozunguka kiasi cha kilomita 20,200 juu yetu. Akitumia ile 300,000 ya darasani, umbali kutoka kwenye setilaiti hadi kwenye simu yako utakosewa kwa kilomita zaidi ya kumi. Namba ni ile ile. Darasani inatosha, kwenye setilaiti ni kosa kubwa. Kilichobadilika ni swali linalojibiwa.

Mwanafalsafa wa Oxford, J. L. Austin, alitoa mfano wa aina hii katika mihadhara yake ya Harvard mwaka 1955. Aliuliza: tukisema Ufaransa ina umbo la pembe sita, hiyo ni kweli au uongo? Akajibu kwamba kwa jenerali wa jeshi inaweza kutosha, kwa mwanajiografia haitoshi. Ni maelezo ya jumla, na kung'ang'ania ndiyo au hapana ni kupoteza muda. Nampenda sana Austin, lakini hapa naona alilegeza kamba mno. Ukishajua swali, ndiyo na hapana zinarudi. Kwa jenerali anayetaka kujua nchi ina pande ngapi kubwa za kulinda, kauli ile ni kweli. Kwa mchora ramani anayeuliza urefu wa pwani, kauli ile si jibu kabisa. Kwa hiyo kabla hujapima kauli yoyote kwa ukweli wake, uliza kwanza inajibu swali gani, na la nani. Shika hilo, tutalirudia kwenye muhtasari wenu.

Sasa tugeukie imani ya katibu wako, ambayo ni ya wengi: kwamba tarakimu kamili ndiyo ukweli wenyewe. Mwaka 1868 daktari Mjerumani Carl Wunderlich, aliyekuwa Leipzig, alitoa matokeo ya kupima joto la mwili la maelfu ya wagonjwa, na kutoka kwake dunia ikapokea kwamba joto la kawaida la binadamu ni nyuzi 37 za Selsiasi. Wunderlich mwenyewe alijua kuwa joto hupanda na kushuka kwa siku, asubuhi chini, jioni juu, na kwamba watu hawafanani. 37 ilikuwa namba ya mviringo, yenye nafasi pande zote mbili. Kisha ikahamishiwa kwenye kipimo cha Farenhaiti, ikawa 98.6. Tazama kilichotokea. Namba iliyokuwa inasema "hapo hapo jirani na 37" ikageuka kuwa namba yenye sehemu ya kumi, na vizazi vya wazazi vikaamini kuwa mtoto mwenye 99.1 ana hitilafu. Ukichukua 37 kama namba iliyokadiriwa, yaani chochote kati ya 36.5 na 37.5, kwa Farenhaiti unapata kati ya 97.7 na 99.5. Ile .6 haikutoka kwenye mwili wa mtu yeyote. Ilitoka kwenye hesabu ya kuzidisha na kujumlisha.

Simu yako inafanya jambo lile lile. Fungua programu ya ramani, omba mahali ulipo, na baadhi ya programu zitakupa nyuzi zenye tarakimu saba baada ya nukta. Tarakimu ya saba inapima kiasi cha sentimita moja juu ya uso wa dunia. Lakini simu ya kawaida, hata ikiwa nje chini ya anga wazi, hukosea kwa mita kadhaa. Tarakimu mbili za mwisho hazikuambii lolote kuhusu uliposimama. Zipo kwa sababu kompyuta ina nafasi ya kuziandika. Wapimaji wamelitenganisha hili kitambo. Kiwango namba 5725 cha shirika la viwango la kimataifa, ISO, cha mwaka 1994, kinatofautisha vipimo kukaribiana vyenyewe kwa vyenyewe na vipimo kuukaribia ukweli wa kitu kinachopimwa. Mzani mbovu unaweza kukupa uzito ule ule kila ukipanda, hadi gramu ya mwisho, na bado ukakuongezea kilo tatu.

Hata 93 ya katibu wako si imara kama inavyoonekana. Daftari la mahudhurio halihesabu waliohudhuria, linahesabu saini. Wapo wanaochelewa na kuingia bila kusaini, wapo wanaosaini mlangoni na kugeuza, na wapo wanaomsainia mwenzao. "Waliosaini ni 93" ni kauli ambayo mtu anaweza kuihakiki kwa kidole, mstari kwa mstari. "Waliohudhuria ni 93" ni hitimisho linaloegemea kauli hiyo. Simlaumu, maana vyama vyote hufanya hivyo na huwezi kuendesha mkutano bila kuamini kitu. Ninachotaka ukione ni kwamba "karibu watu mia moja" yako, iliyotokana na macho ya mtu aliyekuwa ukumbini, na 93 yake, iliyotokana na daftari, zote ni njia za kuukaribia ukweli, na hakuna kati yenu aliyekuwa ameushika mkononi.

Sasa twende kwenye kiini.

Mwaka 1966 mtayarishaji filamu mmoja nchini Marekani, Samuel Bronston, alihojiwa chini ya kiapo wakati kampuni yake ikiwa katika shauri la kufilisika. Wakili wa wadai alitaka kujua mali iko wapi. Mahojiano yalikwenda hivi:

"Je, una akaunti yoyote katika benki za Uswisi, Bwana Bronston?"

"Hapana, bwana."

"Umewahi kuwa nayo?"

"Kampuni ilikuwa na akaunti huko kwa kama miezi sita, mjini Zurich."

Soma jibu la pili pole pole. Kampuni ilikuwa nayo kweli, Zurich. Hakuna neno lenye kosa. Lakini Bronston mwenyewe, kwa jina lake, alikuwa amewahi kuwa na akaunti mjini Geneva kwa karibu miaka mitano. Wakili alisikia jibu, akaelewa kama ambavyo wewe na mimi tungeelewa, kwamba yeye binafsi hakuwahi, akaendelea na maswali mengine. Baadaye Bronston alishtakiwa kwa kusema uongo chini ya kiapo na akatiwa hatiani. Mwaka 1973 Mahakama Kuu ya Marekani, majaji wote kwa sauti moja, ikaifuta hatia hiyo. Sababu: alichokitamka kilikuwa kweli neno kwa neno, na kama jibu lilizunguka mbuyu, ilikuwa kazi ya wakili kumrudisha kwenye swali.

Katibu wako akisikia kesi hii atafurahi. Mahakama imekubaliana naye: nionyeshe sentensi yenye kosa. Lakini aisome hadi kwenye sababu. Majaji hawakusema Bronston alimpa wakili picha ya kweli. Walisema sheria ya jinai haipaswi kumfunga mtu kwa jambo ambalo swali moja la ziada lingelifichua. Ulinzi wote wa hoja hiyo umo ndani ya swali la ziada. Wakili alikuwa amesimama pale. Angeweza kusema, "Sikukuuliza kampuni, nimekuuliza wewe."

Je, atakayesoma muhtasari wenu miaka mitano ijayo atamuuliza nani? Mjumbe mpya anayetaka kujua kwa nini ada ilipanda, mkaguzi, mwanachama aliyekuwa mgonjwa siku ile: wote watakuwa mbele ya karatasi isiyojibu. Anayeandika kwa ajili ya mtu asiyeweza kumuuliza anabeba mzigo ambao Bronston hakuubeba. Kwangu mimi hapa ndipo hoja ya katibu wako inapoangukia. Anajitetea kwa kanuni ya mahali penye kuulizana, katika maandishi ambayo kazi yake yote ni kusimama peke yake.

Kwa nini sentensi mbili sahihi zizae picha isiyo ya kweli? Mwanafalsafa Mwingereza Paul Grice alilieleza hili vizuri katika mihadhara ya 1967. Watu wanaozungumza, alisema, husikilizana wakiamini kuwa kila mmoja anatoa habari ya kutosha, yenye kuhusiana na jambo lililopo mezani. Kwa imani hiyo msikilizaji huongeza mwenyewe yale ambayo hayakutamkwa. Ukiniambia "baadhi ya wajumbe walikubali", nitaelewa kuwa wengine hawakukubali, ingawa hukusema hivyo, kwa sababu kama wangekubali wote ungesema wote. Huo si uzembe wa msikilizaji. Bila tabia hiyo hatungeweza hata kuelekezana njia, kila sentensi ingehitaji kurasa tatu za maelezo.

Sasa rudi kwenye sentensi zenu. "Wajumbe 93 walihudhuria. Azimio la kupandisha ada lilipitishwa kwa kauli moja." Msomaji anaamini kuwa sentensi ya kwanza imewekwa pale kwa sababu inaihusu ya pili. Anaongeza mwenyewe: basi kauli moja hiyo ni ya watu 93. Hakuna aliyeandika hivyo. Lakini ndivyo maandishi yanavyosomeka, na ndivyo mtu yeyote makini atakavyoyasoma. Hata ukihamishia 93 juu kabisa, chini ya kichwa cha mahudhurio, na azimio likabaki chini kwenye ajenda yake, ujumbe ni ule ule, kwa sababu hakuna kilichomwambia msomaji kuwa watu wamepungua njiani. Kosa halimo ndani ya sentensi yoyote, ndiyo maana ulishindwa kulionyesha kwa kidole. Limo katika kile kilichoachwa nje, pamoja na namna vilivyobaki vilivyopangwa.

Nina kipimo kimoja ninachowapa wanafunzi, na nakupa wewe pia. Chukua kauli, kisha uongeze jambo moja la kweli ambalo halikutajwa. Kama msomaji atashtuka na kusema "Kumbe!", basi kauli ilikuwa imempa picha isiyo ya kweli, hata kama kila neno lake lilikuwa sahihi. Asiposhtuka, kauli ilikuwa salama.

Jaribu kwa Bronston: "Kampuni ilikuwa na akaunti Zurich. Mimi mwenyewe nilikuwa nayo Geneva kwa karibu miaka mitano." Kumbe! Jaribu kwa muhtasari: "Wajumbe 93 walihudhuria. Azimio lilipitishwa kwa kauli moja na wajumbe 41 waliokuwa wamebaki." Kumbe! Sasa jaribu kwa kauli yako: "Walihudhuria karibu watu mia moja. Kwa hesabu ya daftari, 93." Hakuna atakayeshtuka. Ya kwako haikuwa na usahihi wa kutosha, lakini haikumpotosha mtu. Ya kwake ilikuwa na usahihi wote, na imempotosha kila atakayeisoma.

Madhara ya aina hii ya kauli yanaweza kuwa makubwa kuliko ada ya chama. Mwezi wa Oktoba 1995, nchini Uingereza, kamati ya usalama wa dawa ilitoa tahadhari kuwa vidonge fulani vipya vya kuzuia mimba vinaongeza hatari ya damu kuganda kwenye mishipa mara mbili ya vile vya zamani. Magazeti yakaandika: asilimia 100 zaidi. Hesabu ilikuwa sahihi. Kilichoachwa nje ni kwamba kwa vidonge vya zamani aliyepata tatizo hilo ni kama mwanamke mmoja kati ya 7,000, na kwa vipya ni kama wawili kati ya 7,000. Kutoka mmoja hadi wawili ni ongezeko la asilimia 100, hakuna awezaye kulipinga. Lakini maelfu ya wanawake walioacha vidonge kwa hofu hawakuwa wanauliza swali la asilimia. Walikuwa wanauliza: je, mimi niko hatarini kiasi gani? Mwaka uliofuata utoaji mimba katika England na Wales uliongezeka kwa idadi inayokadiriwa kufika 13,000. Mwanasaikolojia Mjerumani Gerd Gigerenzer ametumia mfano huu mara nyingi kuwafundisha madaktari namna ya kusema na wagonjwa, na kila nikiusoma naona uzito wa kutoa hesabu sahihi kwa swali ambalo hakuna aliyeuliza.

Niongeze aina moja kwa haraka, kwa kuwa kama katibu utakutana nayo kila wiki: kunukuu. "Mweka hazina alisema fedha zipo zote" ni sentensi sahihi ikiwa alisema hivyo, hata kama benki hakuna kitu. Usahihi wa nukuu unahusu mdomo wa msemaji, hauhusu fedha. Muhtasari una haki ya kunukuu, na mara nyingi ni wajibu wake. Lakini usikubali mtu aje kesho akasema "imethibitishwa katika muhtasari kuwa fedha zipo". Kilichothibitishwa ni kwamba ilisemwa.

Sasa nimtendee haki katibu wako, maana ana hoja moja nzuri ambayo pengine hakuitamka. Anaweza kusema: nikianza kuandika kila ambacho msomaji anaweza kukielewa vibaya, muhtasari utakuwa kitabu, na nitakuwa nimegeuka kutoka mwandishi kuwa mfasiri wa matukio. Leo naandika wangapi walibaki, kesho nitaandika nani alikuwa anasinzia, keshokutwa nani alinung'unika. Mwandishi wa muhtasari akipewa uhuru wa kuamua "picha ya kweli" ni ipi, kinachofuata ni muhtasari wenye upande.

Hoja hiyo naiheshimu. Ndiyo maana usahihi ni lazima, na sitaki ubaki unadhani nimekupa ruhusa ya kuudharau. Mtu anayesema "msibanane na tarakimu, la msingi ni ukweli kwa jumla" naye ni wa kuogopwa, pengine kuliko katibu wako, kwa sababu katibu anaweza kuhakikiwa na mtu huyu hashikiki. Bila daftari, wewe ungesema karibu mia, mwingine angesema sabini, mwenyekiti angesema ukumbi ulijaa, na hakuna ambaye angeweza kuamuliwa. Usahihi ndio unaotuwezesha kupingana na kufika mahali.

Lakini hoja yake haifiki anakotaka ifike. Kati ya mamia ya mambo ya kweli yaliyotokea siku ile, karibu yote yanaweza kuachwa bila kumpotosha mtu. Aliyesinzia alisinzia, msomaji akiambiwa hatabadilisha lolote alilolielewa kuhusu azimio. Idadi ya waliopiga kura ni jambo la aina nyingine, kwa sababu ndilo swali lenyewe ambalo watu hufungua muhtasari ili kulijibu: uamuzi huu ulifanywa na nani, na wangapi? Kuchagua la kuandika hakukwepeki. Yeye pia alichagua. Alichagua kuandika 93 na kutoandika 41, na zote mbili zilikuwa namba za siku ile ile katika ukumbi ule ule.

Hapo ninakuomba uwe mwangalifu na jambo moja. Usimwite mwongo. Uongo unahitaji nia ya kudanganya, na katika barua yako sioni dalili yoyote kwamba alikusudia. Mwanafalsafa Bernard Williams alizitenganisha fadhila mbili katika kusema kweli: usahihi, yaani kujitahidi kuujua ukweli kabla hujafungua mdomo, na unyofu, yaani kutamka kile unachokiamini bila kukipindisha. Mtu anaweza kuwa na moja akakosa nyingine. Mnyofu mvivu hueneza uvumi kwa moyo safi. Mjanja makini hupotosha kwa takwimu zisizo na kosa. Katibu wako, kwa ninavyomsoma, ni mtu anayependa usahihi na anayeamini kuwa ukishaupata kazi imekwisha. Mtu wa namna hiyo huongoka haraka ukimwonyesha kwamba bado kuna usahihi aliouacha mezani, kuliko ukimshambulia uadilifu wake.

Kwa hiyo usirudi kwake ukiwa na neno "ukweli" mdomoni. Mtabishana hadi jioni. Rudi ukiwa na namba. Mwambie: tumeandika wangapi walisaini, hatujaandika wangapi walipiga kura, tuongeze. Hawezi kukataa usahihi zaidi, kwa kuwa ndio bendera yake. Na kama ana shaka na hesabu yako ya 41, ambayo ni haki yake, mtafute mwingine aliyekuwapo aithibitishe, au mwandike "wajumbe wapatao 40 waliokuwapo wakati wa kura". Hilo "wapatao" litakuwa na ukweli mwingi kuliko 93 pale ilipo.

Muhtasari hauwi rasmi hadi uthibitishwe na kikao kinachofuata, kwa hiyo bado una nafasi. Ajenda ya kuthibitisha muhtasari ikifika, nyoosha mkono kabla hamjaingia kwenye yatokanayo, na upendekeze marekebisho haya, si zaidi: "Wajumbe 93 walisaini daftari la mahudhurio. Wakati wa kupiga kura kuhusu ada, wajumbe 41 walikuwapo, na wote waliunga mkono azimio." Usihutubie, usieleze falsafa. Kabla ya kwenda, soma kifungu cha akidi katika katiba ya chama chenu, uone kinataka wajumbe wangapi, na kama kinawataka mwanzoni mwa kikao tu au hadi wakati wa kura. Kama 41 wanatosha, marekebisho yatapita bila kelele na azimio litabaki limesimama. Kama hawatoshi, mwone mwenyekiti mapema pamoja na katibu, ninyi watatu, kabla ya siku ya kikao, kwa sababu hapo mtakuwa mnazungumzia kurudia kura.